Kipande cha Josephati

Ukitaka kumkuta Elieshi amekaa, ngoja siku ya ibada, na hata kanisani alikaa ukingoni mwa benchi, mguu mmoja nje, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndivyo alivyoumbwa. Siku sita za juma alikuwa jikoni kwenye kambi moja ya watalii pale Karatu mjini, akifunga lanchi boksi za watu wanaoshuka kreta: yai la kuchemsha, paja la kuku, ndizi, juisi. Madereva wakianza kupiga honi, yeye ameshamaliza zamani, na badala ya kuketi na wenzake wanywe chai, huyo, anafagia uwanja usio wake. Wakamwita Mama Pilikapilika, wakacheka. Mimi nasema wangemwonea huruma. Mtu asiyetulia ana jambo, na jambo la Elieshi lilikuwa baba yake, mzee Zablon, aliyelala kitandani nyumbani Qurus, miguu imevimba, akimngoja kila jioni amuulize swali lile lile.

"Umemwona?"

"Bado, baba."

"Haya."

Mzee Zablon alikuwa Mchagga wa Machame aliyehamia Karatu kijana, kabla ya uhuru. Alikuwa seremala, akapata shamba Qurus, akaoa, akamzaa Elieshi na mdogo wake Godson, akazeeka hapo. Mwaka ule wa tisini na tisa moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alisema wamrudishe nyumbani, wampikie bila chumvi, wamwache apumzike. Ukiambiwa hivyo na daktari hujaambiwa habari njema. Mzee alielewa, na habari ya kufa hakuilalamikia hata kidogo. Alilalamikia jambo moja tu, kwamba anakwenda kuzikwa bila udongo wa baba yake.

Katika ukoo wao, mtu akizikwa mbali na kihamba, lile shamba la migomba walipolala wazee wake, huwekewa chini ya kichwa udongo kidogo kutoka kaburi la baba yake, ili asilale ugenini peke yake. Sasa baba yake mzee Zablon, aliyeitwa Josephati, hakulala kihambani. Aliondoka Machame miaka ya thelathini kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Wajerumani huko Oldeani, akamwacha Zablon ananyonya. Miaka ikapita, kisha watu wa misheni wakaleta habari kwamba Josephati amefia kazini na amezikwa huko huko. Nyumbani wakalia, wakanyoa nywele, wakamaliza matanga bila maiti. Kaburi lenyewe hakuna aliyeliona.

"Nitafutie alipolala, mama," mzee alimwambia Elieshi, kwa maana baba wa kwetu akimbembeleza binti yake humwita mama. "Nikishajua kwamba yuko chini, na mimi nitakwenda vizuri."

Elieshi aliliona hilo kuwa neno la mgonjwa, akalichukua kama lilivyo. Lakini kulikuwa na mambo mawili kwa huyu mzee ambayo watoto wake hawakuwahi kuyaelewa. La kwanza, ukisimama Qurus siku ya anga safi, mlima wa Oldeani huo hapo, unauona. Zablon aliutazama mlima ule tangu ujana wake na hakwenda huko hata siku moja. Ukimuuliza, anasema magoti. Kijana wa miaka ishirini na kitu, anayebeba mbao mabegani, magoti. La pili ni masale. Mchagga aliyehamia Karatu, hata akipata kiwanja cha chumba kimoja, hupanda masale mpakani. Isale, lile jani refu la kijani, kwetu ni mpaka wa mji, na ni msamaha pia: ukimkosea mtu, ukamshikisha isale, hana ruhusa ya kukukatalia. Mzee Zablon alizungushia mji wake ua wa minyaa. Jirani akimletea chipukizi la isale alishukuru kwa adabu, akalipeleka nyuma ya zizi likakauke huko. Watu walisema amegeuka Mwiraqw, kama wenyeji wa huku.

Basi Elieshi akaanza kutafuta. Jumatatu ndiyo siku yake ya mapumziko, kwa maana watalii hushuka kreta hata Jumapili, na Jumatatu zote alizimalizia makaburini na kwenye makabati ya watu. Alifunga khanga kiunoni, akapanda chochote kinachotembea, akaenda. Karani wa shamba moja alimwambia madaftari ya zamani yaliliwa na panya. Wa shamba la pili alimfungulia chumba chenye makaratasi mpaka dari, lakini mvua za elnino zilikuwa zimeingia mwaka uliopita na yote yalikuwa yameshikana, ukivuta moja unang'oa kumi. Makaburini alipita mstari kwa mstari akisoma majina kwa sauti, mpaka watoto wa jirani wakadhani amerukwa na akili. Kila alipotoka bure, safari iliyofuata aliongeza mwendo, kama vile anayefukuzwa ni yeye.

Godson alikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma barabarani, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko ule moto wake.

"Dada," alimwambia, "wenzako wanatafuta viwanja, wewe unatafuta makaburi. Umesikia yatapanda bei?"

"Cheka. Baba akifa kichwa kikiwa juu ya mbao tupu, utacheka tena."

"Na kama huyo babu hakuzikwa kabisa? Wangapi walikufa kwenye yale mashamba?"

"Kila mtu amelala mahali," Elieshi akasema, akaondoka kabla hajajibiwa.

Aliyemsaidia ni katekista mmoja, Sylvesta, mzee mpole wa misheni moja huko juu. Josephati alikuwa Mlutheri, lakini zamani zile maiti haikuchagua dhehebu, ilizikwa na aliye karibu. Sylvesta akatoa kitabu cha wafu, akapangusa miwani, akafunua kurasa kwa kidole kilicholoweshwa kwa ulimi, na baada ya muda akasema, "Huyu hapa." Josephati, Mchagga, amefia kazini, shamba la Kwa Ndevu, kipande namba 214. Elieshi alisoma mwenyewe mara nyingi. Aliona aibu kulia mbele ya mgeni, lakini alilia.

"Kule Kwa Ndevu," Sylvesta akamweleza, "vibarua hawakuandikiwa majina makaburini. Walitoboa namba ya kipande kwenye bati, wakaipigilia kwenye nguzo. Kama bati lipo, utampata."

Jumatatu iliyofuata Elieshi alipanda tela la trekta lililokuwa linarudi Oldeani. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, mara wanashuka wasukume, mara wanangoja, na yeye kila waliposimama alitangulia kwa miguu mpaka trekta limkute mbele. Dereva akamwambia, mama, hao wafu hawaendi popote. Elieshi hakucheka.

Kwa Ndevu palikuwa pamechakaa. Kahawa ya zamani ilikuwa imezeeka na nusu yake imeng'olewa ili ilimwe ngano. Mlinzi akamwonyesha makaburi chini ya migrevilea mikubwa ya kivuli. Ya Wazungu yalikuwa na ukuta na mawe. Ya vibarua yalikuwa nyuma ya ukuta, kwenye majani yaliyofika kiunoni, na zile nguzo nyingi zilikuwa zimeanguka. Elieshi akapiga magoti, akawa anasugua bati moja baada ya jingine kwa mchanga na kuisoma namba kwa vidole. Alijikata mikono kwa kutu na hakuhisi.

Lile bati la 214 alilikuta pembeni, na kaburi lake lilikuwa safi. Yote ya jirani yamemezwa na kichaka, hili limepaliliwa, limezungushiwa mawe meupe, na kichwani pana ua la njano kwenye kopo. Elieshi akasema ni Mungu. Nawaambia mimi, Mungu ana mambo mengi lakini hashiki jembe.

Akalia sasa bila aibu. Akajitambulisha kwa sauti, mimi ni Elieshi wa Zablon, mwanao yuko hai lakini anakuja huko, usimsumbue njiani. Akachimba kwa kijiti, akatia udongo kwenye pindo la khanga, akafunga fundo.

"Unamlilia nani, mwanangu?"

Aligeuka. Nyuma yake amesimama bibi mmoja mfupi, kitambaa kichwani, jembe begani.

"Shikamoo, bibi. Namlilia babu yangu."

"Marahaba. Babu yako ni yupi?"

"Huyu. Josephati wa Machame."

Bibi akashusha jembe, akalitazama lile fundo la khanga. "Huyo ni kaka yangu," akasema. "Jina lake Ntandu. Sisi ni Wanyaturu wa Singida. Mimi ni Lukresia."

"Bibi, nimeona kitabu cha misheni. Namba ndiyo hii hii."

"Namba ni ya Josephati. Mtu ni wangu. Kaa chini."

Na Elieshi, ambaye haketi, aliketi.

Vijana wa sasa hawakijui kipande, ngoja niwaeleze. Kilikuwa kadi yenye visanduku thelathini. Siku uliyofanya kazi, nyapara anachora kisanduku kimoja. Vikijaa vyote, ndio mwezi, unapata mshahara. Siku usiyokwenda hakuna kuchorwa, na ukizidisha kutoroka kadi inachanwa, unafukuzwa. Sasa watu wa Singida, Dodoma, Mbulu na Kilimanjaro waliokutana kwenye yale mashamba wakabuni lao: kushikiana kipande. Ukiugua au ukiwa na safari, mwenzako aliyemaliza cha kwake anachukua chako, anasimama kwenye mstari, jina lako likiitwa anaitika. Nyapara alitazama karatasi, sura hakuzitazama. Kambi nzima ilijua, na kambi nzima ilinyamaza, maana kila mmoja amewahi kushikiwa. Wakikugundua, ni polisi, wewe na uliyemshikia.

"Josephati alikwenda Arash, nyikani huko," bibi Lukresia akasema. "Alitaka mbuzi wa Wamasai ampelekee mwanawe, maana alimwacha ananyonya na sasa anasikia anachunga. Kaka yangu akamshikia kipande. Ilikuwa siku chache tu. Wakati huo wanapogoa hii migrevilea, tawi likashuka, likampiga usoni. Sura haikubaki. Nyapara akatia mkono mfukoni, akatoa kadi, akasoma, akasema, Josephati amekufa."

"Na hamkusema?"

"Tungesema nini? Tungesema, na kambi yote ingefungwa. Mimi nilikuwa kasichana, nimemfuata kaka kumpikia. Mama mmoja aliniziba mdomo kwa kiganja. Nilimlilia kaka yangu kwa jina la Mchagga."

Elieshi akashika mdomo wake mwenyewe, kama anayezibwa.

Bibi akaendelea. Josephati alirudi kutoka Arash anamvuta mbuzi kwa kamba, anapiga mluzi. Wenzake wakamwahi njiani kabla hajafika kambini, wakamwambia, ndugu, wewe umekufa, na tunakuomba ubaki hivyo hivyo. Akacheka. Kisha akaona hawacheki. Akauliza habari zimefika nyumbani? Wakamwambia misheni imeshatuma. Akasema basi anakwenda mwenyewe kuwaambia yu hai, akageuza na mbuzi wake, akaelekea Machame.

"Alirudi baadaye, hana mbuzi. Alikaa hapa hapa ulipokaa wewe. Mimi nilimletea uji, hakunywa. Aliniambia maneno matatu na sijayasahau. Alisema, 'Mke wangu amerithiwa na ndugu yangu. Mwanangu ameniona akakimbia. Mtu aliyezikwa hana mlango.' Akainuka akashika njia ya Arash tena. Hatukumsikia tena."

"Basi nitakwenda Arash nitafute kaburi lake."

"Utatafuta nini? Kule, zamani hizo, hawakuchimba kaburi la mtu wa kawaida. Mtu akifa walimwachia nyika." Bibi akanyoosha mkono. "Sasa nirudishie udongo wa kaka yangu."

Elieshi akafungua fundo. Ni kazi ndogo sana, kufungua fundo la khanga, na mikono yake ilikataa. Alimwaga udongo wote palepale ulipotoka, akausawazisha kwa kiganja. Aliona amemwaga uhai wa baba yake.

"Kwa nini hukurudi kwenu Singida, bibi?"

"Nikiondoka, nani atamwita jina lake? Napalilia namwita, Ntandu, Ntandu. Ni mimi mmoja tu ninayejua ni yeye."

Njia ya kurudi Elieshi alitembea, trekta hakulingoja. Lile neno, mwanangu ameniona akakimbia, lilimpanda na kumshuka. Mwana wa Josephati ni mmoja tu. Baba yake maisha yote alisema, baba alikufa kazini, ndiyo maana hakurudi. Na neno lile ndilo lililomlea. Sasa ampelekee lipi? Kwamba alirudi? Kwamba alifukuzwa mlangoni na kelele za mtoto wake mwenyewe? Mzee wa moyo mbovu, unamwambia hivyo, unamzika kesho. Akipewa udongo atakufa ametulia, na ni nani atakayejua?

Akasimama. Pembeni mwa barabara kulikuwa na mistari ya kahawa ya zamani ya Kwa Ndevu. Babu alikanyaga hapa, akajisemea, hata huu ni udongo wake. Akainama, akachota, akafunga fundo lile lile. Kisha akatembea haraka zaidi, maana mwongo hapendi kukaa na mzigo wake.

Alifika Qurus jua likizama. Godson alikuwepo, amekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, anammenyea baba chungwa. Mzee akauona ule uso wenye vumbi na pindo la khanga lililofungwa, akajiinua kwa kiwiko.

"Umemwona?"

Elieshi akafungua fundo, akamimina udongo kwenye kiganja cha baba yake. Mzee akakifumba.

"Kaburi umeliona kwa macho yako, mama? Unaweza kuapa kwamba yumo?"

Ingekuwa neno moja tu. Alikuwa amelibeba njia nzima, limeiva, na mdomoni likamkwama. Hakuwahi kumwapia baba yake uongo, hata alipokuwa msichana anatoroka kwenda dansi.

"Nimeona kaburi, baba," akasema. "Lakini hayumo."

Akasimulia. Kipande, Ntandu, tawi la mgrevilea, bibi na jembe lake. Alisema babu alikuwa na safari, akakuta amezikwa, akaogopesha wenzake kwa kuwa hai, akaondoka zake Arash. Ya mbuzi hakuyataja. Ya kwenda Machame aliyaruka kama mtu anayeruka mfereji. Udongo ule akakiri umetoka barabarani. Godson aliacha kumenya chungwa.

Mzee Zablon akauliza, taratibu kabisa, "Huko Arash mara ya kwanza alikwenda kufanya nini?"

"Safari zake tu, baba."

"Hakwenda kutafuta mbuzi?"

Elieshi akashika pindo la khanga lililobaki tupu.

"Mweusi," mzee akasema. "Sikio moja jeupe."

Elieshi akakaa kitandani.

"Nilikuwa mdogo, nachunga ndama mpakani kwenye masale," mzee akasema. Alikuwa anautazama ukuta. "Mtu akaja akasimama ng'ambo ya ua, ana mbuzi. Akaniita jina langu. Nilijua ni nani, kwa maana bibi alikuwa akinionyesha, akisema una masikio ya baba yako, na mimi nikayaona masikio yangu kwa mtu mzima. Na sisi tulikuwa tumeshamlilia. Nilipiga kelele, mzimu, mzimu, nikakimbia ndani. Baba mdogo akatoka na pombe kibuyuni, hakusogea hata karibu, akamwaga kwa mbali akasema, nenda kalale, Josephati, usitusumbue, mtoto wako tunakulelea. Mama alijifunika kichwa. Tulipotoka asubuhi hayupo. Mbuzi amefungwa kwenye isale."

Godson akasema kwa sauti ndogo, "Baba."

"Nilikua, nikaanza kufikiri. Mzimu haufungi mbuzi. Lile lilikuwa fundo, nililifungua mwenyewe kwa vidole vyangu. Nikasema nitakwenda Oldeani, nikute kaburi, nijue nilichokiona ni mzimu, sikumkimbia baba yangu akiwa hai. Nilifika mpaka hapa Karatu, nikauona mlima, nikashindwa. Nikasema kesho. Nikaoa, nikazaa, nikawa nasema kesho."

Akafumbua kiganja, udongo ukamwagika kwenye blanketi. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Ulikuwa mtoto, baba," Elieshi akasema.

"Nilikuwa mtoto. Lakini yeye alikuwa amemletea huyo mtoto mbuzi."

Elieshi alijutia kila hatua ya zile Jumatatu zake, akatamani angeapa, angeapa tu. Kisha mzee akavuta pumzi, ndefu, ambayo walikuwa hawajamsikia akiivuta tangu augue, akamgeukia mwanawe wa kiume.

"Godson. Katika mji huu hakuna isale. Nenda uniombee kwa majirani."

Godson, mwenye mzaha kwa kila jambo, aliondoka mbio bila neno. Alirudi na fungu zima limeng'olewa pamoja na mizizi. Mzee akalichuma jani moja, akalifunga fundo katikati kama inavyofungwa na anayeomba radhi, akampa Elieshi alitunze.

"Udongo siutaki tena," akasema. "Mtanishikisha hili mkononi. Nikimkuta, nataka nianze mimi. Nisimngoje aniite jina."

Alikufa kabla mvua za masika hazijakaza. Bibi Lukresia alikuja mazikoni, ametumiwa gari na Godson, ambaye alikuwa ameshampelekea Kwa Ndevu bati jipya la chuma kizito lililoandikwa Ntandu kwa herufi zilizoinuka. Bibi alipofika mbele ya jeneza alilitazama lile jani kwenye vidole vya marehemu, akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema Josephati atalikubali, hawezi kulikataa. Elieshi alimshika bibi mkono, hakuuachia mpaka kaburi lilipojaa udongo.

Yale masale yenye mizizi waliyapanda getini, minyaa ikakatwa. Sasa ni ua mrefu. Elieshi kutulia hajatulia, nisiwadanganye. Bado anakaa ukingoni mwa benchi, na usingizi wake ni wa kuku. Kikipita kishindo barabarani, anainuka. Mzee yeyote wa mbali akisimama pale kwenye masale kuvuta pumzi, awe Mmasai mwenye mifugo yake, awe kibarua anayerudi Oldeani, wajukuu wake humkimbilia ndani kumwambia, bibi, kuna mtu. Hawezi kuwaacha wamalize. Huyo, ameshatoka, kitambaa kinamwanguka, analifungua lile geti kabla mgeni hajabisha hodi, anamwambia karibu ndani, karibu ndani, na humshika mkono kabisa, kuhakikisha una joto.